Furaha Namba Nne

Nimemtia shingoni matone matatu ya mafuta,
nimemfuta mashavu kwa spiriti na pamba.
Ngozi ya silikoni hunasa vumbi lote la Genova:
chumvi ya bandarini, masizi ya meli,
na chembe za mkate ninaokula kazini
ingawa tumekatazwa.

Usoni ana mota thelathini na mbili.
Za nyusi, za kukunja ndita.
Za midomo, za kubetua, kununa, kucheka.
Na moja ndogo mno, ya kope la kushoto,
huungua kila mwezi; kila mwezi naibadilisha
nimebana pumzi
kama mtu anayemtoa mwenzake kibanzi jichoni.

Mwalimu wake alikuwa Gaspare Bisio,
mwigizaji wa jukwaani, miaka sabini na mmoja,
aliyelipwa kwa saa ili ahisi.
Walimbandika vidoti vyeupe, hamsini na sita,
akakaa mbele ya kamera kama mgonjwa wa tetekuwanga,
Dokta Terzano akisoma orodha:
Hasira. Tena. Hofu. Tena. Mshangao,
punguza, Gaspare, hujaona jini.
Naye akitoa, akitoa,
kama muuza vitambaa akikunjua majora
mbele ya mteja asiyenunua.

Februari alikosa siku tisa.
Alirudi na tai nyeusi.
Hatukuuliza. Mkewe, Ilde, tulimjua kwa mwandiko tu:
ndiye aliyemfungia chakula cha mchana
na kuandika juu ya kopo, kwa wino wa bluu,
*Kopo lirudi.*

Siku hiyo orodha ilikuwa imefika kwenye furaha.
Dokta akasema, tunaweza kuahirisha.
Gaspare akavua tai, akaikunja, akaitia mfukoni.

Ya kwanza, ya pili, ya tatu: jino pembe,
jeupe, limechongwa vizuri,
na pengo liko palepale.
Ya nne ilianza kama wenzake.
Mashavu yalipanda, macho yakafinyika,
kisha, tabasamu halijashuka bado,
shingo ikalegea kidogo kulia
na mkono ukanyanyuka wenyewe kwenda kushika tama,
ukafika nusu ya njia,
ukakumbuka kazi,
ukarudi pajani.

Sekunde moja na nusu.
Mashine haipepeti. Humeza mchele na chuya zake.

Niliambiwa: namba nne ina kosa, ifute.
Nilisema nimeifuta.

Mwezi wa tano tulimpeleka wodi ya watoto.
Msichana mmoja, Noemi, mguu kwenye plasta,
alimtolea ulimi, naye akacheka
(kati ya furaha kumi na mbili alizonazo, akachagua ile).
Shingo ikalegea. Mkono ukatafuta shavu, ukarudi.
Msichana akaufyata ulimi.
Akamtazama kwa muda, kama wakubwa wasivyothubutu kutazama,
akauliza:
Umefiwa na nani?

Mimi kifua kile nimekifungua kwa bisibisi yangu.
Kuna feni, betri, nyaya za rangi tano,
na stika ya kiwanda iliyobandikwa kombo.
Uso wa mtu umeumbwa na haya;
wa huyu umeumbwa na skrubu.
Hakuna aliyejificha humo ndani, naapa.
Lakini swali lilibaki hewani wodini,
na muuguzi aliyekuwa akikunja mashuka
akaacha kukunja.

Dokta alinitazama. Nilijifanya natafuta plagi.
Gaspare hakuwepo; sijui kama nimwambie,
wala sijui ningeanzia wapi:
kwamba kilio chako kinatembea bila mfiwa,
kinachajiwa usiku, asubuhi kinawashwa?

Siku ya mwisho ya mkataba wake alipita karakana,
akatazama meza yangu, zile skrubu zilizotawanyika,
akasema, huwezi kufanya kazi hivi,
akaniachia kitu cha kuzitilia.

Leo tena kope la kushoto limeungua.
Nanyoosha mkono rafuni bila kuangalia,
nafungua kifuniko, nachagua skrubu iliyo ndogo kuliko zote.
Wino umefifia kidogo
lakini unasomeka.